Mvua ikinyesha redio inalala: mwaka wangu wa kwanza kama fundi mitambo

Mzee anayelinda mtambo wetu kule mlimani aliniambia ugonjwa ulipo tangu wiki yangu ya kwanza kazini. "Fundi, mashine hii mvua ikinyesha inalala. Jua likitoka inaamka yenyewe." Nilimwitikia kwa heshima, nikamshukuru, nikaingia ndani kufungua transmita ambayo haikuwa na kosa lolote. Nilirudi kwenye maneno yake baada ya wiki tano, tukiwa tumeunguza transista nne na shilingi milioni mbili na laki saba za redio ambayo hata mishahara inalipa kwa kuungaunga.

Naandika haya kwa sababu kila mwezi napigiwa simu na kijana mmoja au wawili wa redio za jamii, na wanachoniuliza ni kilekile nilichokosea mimi.

Nilikuwa fundi redio wa kawaida. Miaka tisa kwenye kibanda kando ya stendi, natengeneza subwoofa, runinga, chaja na redio za mkulima. Redio ya jamii ya wilaya yetu, huku Kagera kando ya ziwa, ilipotafuta fundi mitambo walitaka cheti cha umeme na uzoefu. Cheti nilikuwa nacho, uzoefu nikauongezea chumvi. Nilijiambia transmita ni redio iliyogeuzwa tu: ile inapokea, hii inatoa. Lakini redio ya mezani ukiikosea inanyamaza, unaisogeza pembeni, unakunywa chai. Transmita ya kilowati moja ukiikosea inajila yenyewe, na wilaya nzima inajua kabla hujashika bisibisi.

Mpangilio wetu ni wa kawaida kwa redio ndogo. Studio iko mjini, transmita iko mlimani kilomita kumi na nne, kati yake kuna kiungo cha mawimbi kinachopeleka sauti. Mlimani kuna chumba cha tofali, jenereta, mnara wa mita arobaini na tano, na juu yake antena nne zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kebo nene inatoka transmita, inapanda mnara, inafika kwenye kigawanyio, kutoka hapo kebo nne fupi zinakwenda kila moja kwenye antena yake. Kumbuka hizo kebo fupi.

Kwenye uso wa transmita kuna namba nyingi, ila mbili ndizo za kuzijua kama jina la mama yako. Ya kwanza ni nguvu inayokwenda. Ya pili ni nguvu inayorudi. Mtambo unasukuma nguvu kwenye kebo. Antena ikiwa nzima na viungo vikiwa safi, karibu yote inatoka hewani. Kiungo kikiharibika, sehemu ya nguvu hiyo inagonga pale na kurudi ilikotoka, nayo huishia kuchosha na kuchemsha transista. Ukisukuma wati 1000 zikarudi 10, lala usingizi. Zikirudi 40, anza kumtafuta mpanda mnara. Transmita yetu ilikuwa imewekwa ijizime zikizidi 50.

Ilikuwa Machi, masika yameanza. Saa kumi jioni mvua inashuka, saa kumi na moja mtambo unajizima. Tunauwasha, unajizima. Kesho yake saa nne asubuhi unafanya kazi kama haukuwahi kuumwa. Nilifungua, nikapuliza vumbi, nikakaza skrubu, nikafunga. Jioni ukajizima tena. Meneja, dada mwenye subira nyingi kuliko wengi ninaowajua, akanipigia siku ya tatu. "Fundi, wadhamini wanauliza."

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mengine yote ni watoto wake. Kwenye menyu ya mtambo niliona ile namba 50, nikaipandisha mpaka 150. Redio ikabaki hewani jioni ile, mvua ikinyesha. Watangazaji walinishangilia kwenye kundi la WhatsApp, mmoja akanitumia vocha. Nilichokuwa nimefanya ni kumziba mdomo mgonjwa ili asipige kelele. Kile kikomo hakikuwekwa na kiwanda kwa kutuonea.

Siku ya nane nguvu ikashuka kutoka 1000 hadi kama 560. Nikahesabu kichwani: karibu nusu imekwenda, kwa hiyo vipande viwili kati ya vinne vya kikuza nguvu, kila kimoja na transista yake, vimekufa. Nikavifungua vyote vinne. Kilikuwa kimekufa kimoja. Sikujua kwamba vinne vikiwa vimeunganishwa na kimoja kikafa, hupotezi robo. Vitatu vilivyobaki vinatoa wati 750, ila kiunganishi kinawasilisha antenani kama 560 tu, na zile 190 zinaishia kuwa joto kwenye vipinga vyake vya ndani. Kwa hiyo ukiona mtambo wa vipande vinne umeshuka ghafla hadi zaidi kidogo ya nusu, tafuta kimoja, usivuruge vitatu vizima.

Na jambo ambalo ningelijua siku hiyo lingeniokoa: ningeweza kuuacha hivyohivyo kwa siku kadhaa, nikaushusha hadi wati 400 ili vile vipinga visiteseke. Aliye mjini asingesikia tofauti. Wa mbali kabisa angepata mkwaruzo. Redio dhaifu inasikika, redio iliyozimwa haisikiki. Lakini meneja alitaka kilowati yake, nami nilitaka kuonekana fundi.

Tukaagiza transista. Zetu ni BLF278, za zamani, moja inatoa hadi wati 300. Muuzaji wa kuaminika alitaka 420,000 kwa moja. Mtandaoni nikazipata kwa 190,000. Nikanunua nne, 760,000, nikajisifu kwenye kikao kwamba nimeokoa fedha za taasisi. Zilifika kwenye kisanduku kizuri, kila moja na mfuko wake wa kuzuia umeme tuli. Ya kwanza niliifunga, nikawasha, ikadumu dakika nne. Ya pili sikufika nayo wati 200. Usiku ule nikakumbuka habari za kughushi, nikachukua pamba na dawa ya kuondolea rangi ya kucha ya mke wangu, nikasugua mgongo wa ya tatu. Maandishi yakafutika, chini yake pakatokea namba nyingine kabisa. Nilikaa pale mezani na ile pamba nyeusi mkononi mpaka mke wangu akaja kuuliza kama kuna msiba.

Niongeze onyo hapa, kwa sababu hakuna aliyenipa mimi. Moja ya zile zilizoungua niliipasua kwa nyundo nione ndani mna nini. Ndani ya transista za aina hii kuna kauri ya beriliamu oksaidi. Ikiwa nzima haina shida, lakini vumbi lake ni sumu kwenye mapafu. Karatasi ya kiwanda inayoeleza transista hiyo imeandika wazi, nami sikuwa nimeisoma. Usiipasue, usiipige tupa, usiitupe jalalani watoto wakaiokota. Mimi huzifunga kwenye kopo lenye mfuniko, nikaandika juu.

Msiba wenyewe haukuwa mbali. Siku mbili tulizokuwa kimya kabisa ndizo zinazonirudia. Huku kwetu tangazo la vifo la jioni si kipindi cha redio, ni posta. Kuna wavuvi visiwani wanaosubiri tangazo lile kujua nani amekufa nyumbani. Mama mmoja alilipia tangazo mapokezi, aliyekuwa zamu akapokea fedha akitumaini tutarudi hewani jioni. Hatukurudi. Alikuja siku ya tatu. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba wamemzika baba wa watoto na mtoto mkubwa hakuwepo, yuko kisiwani anavua, hana habari. Alirudishiwa fedha zake, akazihesabu, akazifunga kwenye pindo la khanga, akaondoka. Nilikuwa nimesimama mlangoni na pasi ya kulehemu. Tangu siku ile ni marufuku mapokezi kupokea tangazo bila kuniuliza kwanza kama tuko hewani, na tuna namba za viongozi wa mialo ya wavuvi tunaowapigia tukiwa kimya. Karatasi moja ukutani. Ingeweza kuwepo tangu mwanzo.

Tukanunua halisi. Nne kwa 1,680,000, maana nilitaka za toleo moja ziwiane, na nauli na usafirishaji vikatafuna 260,000. Nikafunga moja kwa adabu zote: uso wa shaba umesafishwa kwa spiriti, mafuta ya joto nimepaka membamba kama utando, skrubu nimekaza kwa kupishanisha. Ikafanya kazi siku sita. Siku ya saba ikanyesha mvua ya mawe, nayo ikafa.

Ndipo nikakubali kushindwa, nikampigia fundi wa redio moja ya mkoa wa jirani ambaye nilikuwa namkwepa kwa aibu. Akapanda basi la alfajiri akiwa na gunia la mahindi ambalo ndani yake hamkuwa na mahindi. Swali lake la kwanza, kabla ya chai: "Daftari lako liko wapi?"

"Daftari gani, kaka?"

"La namba. Inakwenda ngapi, inarudi ngapi, joto ngapi, volti ngapi. Kila siku."

Sikuwa nalo. Mzee mlinzi, aliyekuwa amesimama pembeni, akaingia kwenye kibanda chake akatoka na daftari la shule la kurasa thelathini na mbili. Alikuwa anaandika humo saa umeme unapokatika na kurudi, ili asije akadaiwa dizeli ya jenereta. Na kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, aliandika pia kila mara mashine "ilipolala". Tukahesabu. Imelala mara kumi na moja. Mara kumi kando yake ameandika "mvua". Ya kumi na moja ameandika "umeme".

Yule mwenzangu hakusema kitu. Akafungua gunia, akatoa sanduku la chuma lenye mapezi na feni. Sisi tunaliita dami: ni mzigo bandia wa omu 50 unaoiga antena, nguvu yote unayoisukuma inaishia humo kuwa joto. Nikafunga transista nyingine, tukachomoa kebo ya mnara, tukachomeka dami. Tukapandisha kidogokidogo hadi 1000. Nguvu inayorudi: sifuri. Saa moja, mbili, tatu. Nje mvua inanyesha, mtambo umetulia kama ng'ombe anayecheua. Kwa hiyo ugonjwa hauko chumbani, uko mnarani.

Jaribio lile lilichukua saa tatu tu, na mimi nilikuwa nimepoteza wiki tano. Kama redio yako haina dami, azima. Kama hakuna wa kumwazima, changishaneni redio tatu mnunue moja. Na kamwe usiwashe transmita bila kitu chochote nyuma yake, "kujaribu tu". Ni kumwaga fedha chini.

Kesho yake akaja mpanda mnara. Kabla hajagusa ngazi, mwenzangu alizima swichi kuu, akatoa fyuzi akaitia mfukoni mwake, kisha akamkabidhi mpandaji mwenyewe ufunguo wa jenereta. Nikauliza kulikoni. Jenereta yetu inajiwasha umeme ukikatika. Mtu akiwa ameshika antena mita arobaini juu na mtambo ukarudi hewani, anaungua, na akishtuka anaanguka. Nilikuwa nimepanda mnara ule mara mbili huko nyuma, swichi imezimwa na ufunguo uko kwenye jenereta.

Kwenye antena ya tatu kutoka chini alifungua konekta ya kebo fupi, akatupigia kelele tusogee. Maji yakamwagika. Si matone, maji, kama chupa ndogo ya soda. Aliishusha kwa kamba, nikaishika. Pini ya katikati ilikuwa kijani kama jiwe la mtoni. Nilipokata ganda la kebo, nyuzi za shaba zilikuwa nyeusi, na ukiminya ile sponji nyeupe ya ndani inatoa jasho. Nikakata sentimita kumi, bado nyeusi. Ishirini, bado. Ilibidi kuitupa yote.

Aliyeifunga miaka ya nyuma alizungushia tepu ya kawaida ya umeme, ile nyeusi ya kila duka. Jua la mlimani likaikausha, ikapasuka, maji yakaingia. Mvua ikinyesha maji yanaongezeka, nguvu inarudi. Jua likiwaka yanapungua, mtambo unaamka. Mzee alikuwa amesema hivyohivyo.

Matengenezo yote, konekta na kebo fupi 45,000, tepu 40,000, mpandaji laki moja. Jumla 185,000.

Ufungaji wenyewe una siri yake, na mwenzangu alinifundisha kwa mfano ambao mtu wa Kagera hawezi kuusahau. Kwanza unazungushia tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ukiivuta mpaka upana wake upungue, hadi iwe kitu kimoja. Juu yake ndipo unaweka tepu ya plastiki ya kukinga jua, na safu ya mwisho lazima ianzie chini kwenda juu. "Umeona mtu akiezeka msonge?" aliniuliza. "Anaanzia wapi?" Anaanzia chini, ili kila tabaka la juu lilalie la chini na maji yateleze. Ukianza juu, umetengeneza mifuko ya kukusanya maji. Kisha kebo iachiwe tumbo kidogo kabla ya kuingia kwenye konekta, tone lidondokee pale chini ya tumbo. Tuliwasha. Zilirudi wati 6. Nikarudisha kikomo kwenye 50 kwa mkono wangu mwenyewe.

Mpandaji alipokuwa anavua mkanda akauliza, "Shaba yenu iko wapi?" Sikumwelewa. Akaonyesha mguu wa mnara. Ukanda wa shaba unaopeleka radi ardhini ulikuwa umekatwa usawa wa zege, nyasi zimeota juu. Umeuzwa chuma chakavu siku nyingi. Mzee aliinamisha kichwa. Nilimwambia si wewe, baba, mimi nimepita hapa kila wiki na sikuwahi kufyeka.

Maeneo haya ya ziwa yana radi nyingi mno, kila mtoto anajua. Tukaandika maombi ya fedha. Kabla hayajajibiwa radi ikapiga, ikaondoka na kipokezi cha kiungo cha studio, 900,000. Barua ikajibiwa wiki ileile.

Tulichimbia vyuma vitatu vya mita 2.4, kwa pembetatu, kila kimoja mbali na mwenzake zaidi ya urefu wake, maana vikikaribiana vinagombania udongo uleule. Kuzunguka kila kimoja tuliweka mkaa uliopondwa na chumvi, tukamwagilia. Chumvi huoshwa na mvua, kwa hiyo si dawa ya milele. Badala ya shaba tuliunganisha kwa bapa la chuma lenye zinki, tukafukia ndani ya zege. Halipitishi umeme vizuri kama shaba, lakini hakuna mwizi anayelitaka. Mita ya kuazima ilisoma omu 38 kabla na 7 baada. Na ethi zote, yaani njia za kupeleka umeme ardhini, ya mnara, ya umeme, ya ganda la kebo inapoingia chumbani, ziungwe mahali pamoja. Zikiachwa mbalimbali, radi ikipiga volti za hapa na za pale zinatofautiana, na njia ya kukutana inapita ndani ya mtambo wako.

Kuhusu ethi nina kosa jingine, hili la studio, na nalitaja kwa shida. Kulikuwa na muungurumo hewani, ule mzito wa umeme wa herzi 50. Nilihangaika nao siku mbili, kisha nikakata pini ya ethi kwenye plagi ya mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti. Muungurumo ukaisha. Baada ya miezi minne, dada wa kipindi cha asubuhi alisogeza midomo kwenye maiki akarushwa nyuma, kikombe kikaanguka, wasikilizaji wakasikia "mama!" hewani. Alicheka baadaye. Mimi sikucheka. Mikisa na kompyuta vilikuwa vinachukua umeme kwenye soketi za kuta mbili tofauti. Nilipovichomeka vyote kwenye soketi za ukuta mmoja na kurudisha plagi nzima, muungurumo ulipungua karibu wote, na uliobaki ukamalizwa na kisanduku cha transfoma ya sauti kati ya kompyuta na mikisa. Pini ya ethi usiikate hata kwa bunduki.

Mengine ya studio ni madogo, ila ndiyo yanayokula siku. Waya za maiki hukatikia palepale zinapoingia kwenye konekta, kwa hiyo kata sentimita tano ulehemu upya kabla hujanunua maiki mpya. Chai ikimwagika kwenye mikisa, chomoa umeme papo hapo. Ya sukari ni mbaya zaidi, lazima uoshe kwa maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri na si tindikali yake, kisha spiriti, na ukaushe siku nzima, wakikulilia wasikulilie. Sasa chai haivuki mlango, na mimi ndiye ninayechukiwa kwa hilo. Umeme ukirudi baada ya kukatika usikimbilie kuwasha: subiri dakika tano, kwa kuwa unarudi ukiyumba. Kuna kifaa cha kuchelewesha kinachofanya hivyo chenyewe na bei yake ni ya kreti chache za soda.

Na wadudu. Anayesoma haya akiwa mbali na ziwa atadhani natia chumvi. Kuna vijidudu vinavyotoka ziwani kwa wingi hadi ukiviona kwa mbali unasema ni moshi wa meli. Siku vinapopita mlimani, feni ya transmita inavivuta vyote, na asubuhi kichujio kinakuwa kama kimepakwa uji mweusi. Joto likapanda kutoka nyuzi 48 hadi 63 usiku mmoja, na kapasita haipendi hivyo: kwa kadirio la mafundi, kila nyuzi kumi zikiongezeka umri wake unapungua nusu. Kichujio tunakiosha kila Jumamosi, na kuna cha akiba. Mijusi kafiri nayo inapenda joto la vifaa vya umeme. Nimeikuta miwili imekaangwa kwenye swichi ya kubadilishia jenereta, imeshikana kama wapenzi. Tundu zote sasa zina wavu.

Kwa meneja anayesoma, mwekee fundi wako kasma yake kila mwezi, hata iwe laki moja, na isiguswe kwa ajili ya mafuta ya pikipiki. Na usimwambie apandishe nguvu. Masafa na nguvu mmepewa kwenye leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na ndani ya nguvu hiyo mtambo unaokwenda wati 800 utawazika wale wanaokwenda 1000 usiku na mchana.

Daftari sasa lipo, kubwa, lenye jalada gumu. Mzee anasoma namba nne saa moja asubuhi na saa moja jioni, na namlipa nyongeza ndogo kutoka kwenye ile kasma. Zile transista mbili halisi zilizobaki ziko kabatini, hazijawahi kuhitajika. Vuli ya mwaka jana tulipita nayo yote bila kulala hata jioni moja.

Juzi usiku alinipigia, na mvua naisikia nyuma yake. "Fundi, inarudi kumi na nne. Wiki iliyopita ilikuwa sita." Nikamwuliza inakwenda ngapi. "Elfu moja kasoro tano." Mpanda mnara nimempata, atakuja Alhamisi. Tepu ya mpira ninayo.